Shajara ya Doa: mbwa, sukari na jagi la maji

Kabla ya siku ya 1

Shajara zangu mbili zilizotangulia zilihusu mizinga ya nyuki. Hii ya tatu sikuipanga. Mhusika ni Doa, mbwa jike wa miaka minane, mweupe mwenye baka jeusi kuzunguka jicho la kushoto. Lengo la mradi ni aishi na kisukari kwa miaka aliyobakiwa nayo bila kudhoofika. Naanzia wiki nne kabla ya kupimwa, maana dalili zilikuwepo na sikuzisoma. Nikichelewa kuandika nitajidanganya kwamba nilizisoma.

Yalianza maji. Bakuli lake tulikuwa tukilijaza asubuhi, na jioni bado lina nusu. Likawa linakauka kabla ya adhuhuri. Nikasema ni joto. Ukafuata mkojo: mbwa ambaye hakuwahi kukojoa ndani tangu utoto wake akaanza kuacha madimbwi mlangoni usiku. Nilimfokea. Naandika hili kwa aibu, kwa sababu yeye alikuwa akisubiri mlangoni afunguliwe na hakuna aliyeamka. Kisha ulaji: anamaliza chakula, analamba bakuli, ananitazama. Nilifurahi kwamba anakula vizuri. La nne ndilo lililopaswa kunishtua, kwamba pamoja na kula huko kote uti wa mgongo ulianza kuhesabika. Mnyama akila zaidi huku anakonda, kuna mahali chakula kinapotelea.

Kilichotupeleka kwa daktari hakikuwa akili yangu, walikuwa sisimizi. Asubuhi moja nilikuta msururu wao umetoka chini ya mlango hadi kwenye alama ya mkojo wa usiku. Mke wangu akasimama pale na kikombe mkononi. "Baba Neema," akasema, "huo mkojo una sukari." Baba yake ana kisukari mwaka wa kumi na moja sasa. Hakuhitaji mashine.

Siku ya 1

Uzito kilo 18. Kadi ya chanjo ya mwaka jana inasema 22. Sukari kwenye damu 25.8 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Mbwa mzima huwa kati ya takriban 4.4 na 6.6. Mkojo umejaa glukosi, una chembe za ketoni (mabaki ya mafuta yaliyochomwa na mwili), na sampuli ikabaki maabara kuoteshwa kuona kama kuna bakteria.

Daktari alinieleza hesabu yenyewe. Figo za mbwa huirudisha sukari yote kwenye damu mpaka kiwango kifike kama 10 hadi 12. Kikipita hapo zinazidiwa, sukari inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Kwa hiyo mbwa anakunywa sana kwa sababu anakojoa sana. Mimi nilikuwa nimeigeuza: nilidhani anakojoa kwa sababu anakunywa, na kwa siku tatu nilikuwa nimemwondolea bakuli usiku. Daktari alinyamaza kidogo aliposikia hivyo. "Usimnyime tena, kaka. Hayo maji ndiyo yaliyokuwa yakimbeba."

Nikauliza kuhusu vidonge kama vya baba mkwe. Hapana. Kwa mbwa, karibu kila mara, seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayouwezesha mwili kutumia sukari, zimekufa au hazitoshi tena. Vidonge vingi vya binadamu kazi yake ni kuihimiza kongosho ifanye kazi, au kuusaidia mwili uitumie vizuri insulini iliyopo. Hapa hakuna wa kuhimizwa. Ni sindano, mara mbili kwa siku, maisha yake yote.

Swali lake lililofuata lilinishangaza: Doa alikuwa kwenye joto la kutaka dume lini mara ya mwisho? Nikahesabu, kama wiki sita. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Baada ya joto, mbwa jike hukaa kama miezi miwili na homoni ya projesteroni kwa wingi mwilini, awe na mimba au asiwe nayo. Projesteroni hiyo huyafanya matiti yatoe homoni ya ukuaji, na homoni ya ukuaji huizuia insulini kufanya kazi. Jike ambaye kongosho yake ilikuwa inajikokota husukumwa shimoni hapo. Wapo wachache ambao kisukari huondoka kizazi kikitolewa mapema. Wengi hakiondoki, ila dawa hupungua na inakuwa rahisi kuipangia kipimo. Kizazi kitatolewa mara atakapopata nguvu kidogo.

Tumeruhusiwa kurudi nyumbani kwa sababu anakula na hatapiki. Angekuwa amekataa chakula, anatapika, amelegea na mkojo una ketoni nyingi, angelazwa leo hii na kuwekewa dripu. Mwili usioweza kutumia sukari huchoma mafuta, na mabaki yake huijaza damu asidi. Huko ndiko mbwa wa kisukari hufia upesi.

Siku ya 2

Vifaa. Insulini yenyewe ni ya nguruwe, yenye uniti 40 kwa mililita, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Nilipenda kujua kwamba insulini ya nguruwe na ya mbwa ni kitu kilekile, asidi amino kwa asidi amino. Inakaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya kugandisha, chupa imesimama. Hii yetu hutikiswa mpaka iwe kama maziwa sawasawa. Daktari alisisitiza kwamba ziko aina nyingine ambazo huviringishwa tu polepole viganjani, kwa hiyo mtu afuate karatasi ya chupa yake, asifuate alichosikia kwa jirani.

Mabomba ya sindano ya uniti 40, kifuniko chekundu. Mashine ya kupimia sukari ya wanyama. Nilikuwa na ile ya baba mkwe ya akiba nikaambiwa niiache: kwenye damu ya binadamu sukari imegawanyika kati ya majimaji na chembe nyekundu, kwenye ya mbwa karibu yote iko kwenye majimaji, hivyo mashine ya binadamu mara nyingi husoma chini ya ukweli. Kopo gumu la kutupia sindano zilizotumika. Jagi lenye alama za mililita. Daftari.

Neema, mwenye miaka kumi na miwili, amepewa jagi. Asubuhi anapima maji anayoweka, jioni anapima yaliyobaki. Leo: lita 3.2. Mbwa wa kilo 18 mwenye afya angekunywa lita moja au zaidi kidogo. Daktari anasema ukivuka mililita 100 kwa kila kilo ya uzito, hiyo ni alama ya ugonjwa. Doa yuko karibu 180.

Siku ya 3

Uniti 5 saa 1 asubuhi, uniti 5 saa 1 jioni. Anakula kwanza, anachomwa akiwa anamalizia. Akikataa kula simchomi dozi nzima, nampigia daktari.

Ngozi inavutwa juu kama hema, sindano inaingia kwenye mlango wa hema. Si kwenye shingo nyuma, mahali ambapo kila mtu hukimbilia. Damu haipiti vizuri hapo na ukiparudia sana panakuwa pagumu. Tunachoma ubavuni, nyuma ya bega hadi karibu na nyonga, leo kulia kesho kushoto.

Jioni nilitoboa hema upande wa pili. Manyoya yakalowa, chumba kikanukia dawa ile yenye harufu ya bandeji. Sijui ngapi ziliingia. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika chupa kuongeza, mke wangu akaniwekea kiganja juu yake. Kanuni ya daktari tuliibandika mlango wa friji jana tu: ukiwa na shaka, usirudie. Dozi moja iliyokosekana humpandisha sukari kwa nusu siku. Dozi mbili kwa pamoja zinaweza kumuua kabla ya asubuhi.

Siku ya 5

Leo karibu tumchome mara mbili kwa njia nyingine. Mimi nilichoma saa 1, nikatoka. Mke wangu akarudi saa 1 na nusu, akaona bakuli tupu na mbwa ana sura ya kuonewa, akaanza kutikisa chupa. Neema ndiye aliyepiga kelele. Daftari limeongezwa safu mpya: "Nani kachoma?" Hakuna sahihi, hakuna aliyechoma. Ipo sahihi, gusa chupa uone.

Maabara wamepiga simu, kibofu kina bakteria. Hakuwa na dalili yoyote ya maumivu. Mkojo mtamu ni shamba, wao wamelima. Dawa za bakteria zimeanza, maana maambukizi yakiachwa insulini haishiki.

Siku ya 8

Grafu ya kwanza ya sukari, nyumbani, kila baada ya saa mbili. Damu inatoka ndani ya sikio, pembeni. Nalipasha kwanza kwa soksi yenye kitambaa cha moto, la sivyo haitoki. Saa 1 asubuhi 22.1. Saa 3, 18.4. Saa 5, 14.9. Saa 7, 12.6. Saa 9, 13.8. Saa 11, 17.0. Saa 1 jioni 21.3.

Mimi niliona msiba. Daktari aliona umbo zuri: insulini inafanya kazi, inashuka pale inapopaswa, inadumu karibu saa zote kumi na mbili, ila haishuki vya kutosha. Anataka sehemu ya chini kabisa iwe kati ya 4.4 na 8.3, na ya juu isipite sana 14. Tumepanda hadi uniti 6. Hataki kusikia habari ya kupanda tena kabla ya wiki moja, kwa sababu mwili huchukua siku kadhaa kuzoea dozi mpya, na anayepandisha kila siku anajikuta ameivuka dozi sahihi bila kuiona.

Kati ya kipimo na kipimo nilikuwa na saa mbili za kukaa na kumtazama mbwa amelala. Nikakumbuka kwamba habari yote hii ilianzia kwa mbwa. Mwaka 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Josef von Mering walimtoa mbwa kongosho na mbwa akaanza kukojoa sukari. Ndipo ikajulikana kisukari kinatoka wapi. Mwaka 1921 Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliwadunga mbwa wasio na kongosho maji yaliyokamuliwa kutoka kongosho za wanyama wengine. Mmoja, Marjorie, aliishi hivyo kama siku 70. Januari 1922 dawa ikaingia kwa binadamu wa kwanza, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Baba mkwe wangu anadaiwa na ukoo wa Doa. Nilimwambia kwa simu, akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya 15

Kizazi kimetolewa leo. Asubuhi nusu dozi kwa maelekezo ya daktari, kwa sababu alikuwa hajala. Amerudi jioni akiwa na koni shingoni na hasira. Maji ya jana lita 1.9. Tumeonywa: chanzo cha projesteroni kimeondoka, insulini inaweza kuanza kufanya kazi zaidi ya tulivyozoea. Tumwangalie.

Siku ya 22

Naandika saa 8 usiku, sina usingizi.

Saa 5 hivi nilisikia kucha zake sakafuni, si mwendo wake. Nilimkuta anatembea kama mlevi, miguu ya nyuma inavuka, kichwa kinatikisika, anautazama ukuta. Nilimwita, hakugeuka. Mashine: 2.4.

Sukari ikishuka chini ya kama 3.3 mbwa yuko hatarini, na ubongo ndio unaotangulia kuumia. Niliijua hatua inayofuata kwa sababu iko mlangoni mwa friji kwa herufi za Neema. Asali. Nyumba yangu haijawahi kukosa asali, na kwa wiki tatu nilikuwa nimeificha kabatini juu kana kwamba ni sumu. Nikachovya kidole, nikampaka kwenye fizi na ndani ya shavu, nikarudia. Sikumimina kooni, kwa kuwa asiyemeza vizuri huvuta mapafuni. Angekuwa ana degedege nisingeingiza kidole katikati ya meno, ningepaka upande wa nje wa fizi na kukimbia hospitali. Baada ya dakika tano akanilamba mkono. Baada ya kumi na tano, 3.9. Nikampa chakula kidogo, akala chote. Nusu saa baadaye, 5.8. Daktari alipokea simu mlio wa pili.

Jambo la kuandika pembeni hapa: utamu unaoandikwa "bila sukari" haufai kabisa. Ksilitoli, inayotiwa kwenye bazoka na baadhi ya vyakula vya watu wa kisukari, humfanya mbwa atoe insulini nyingi ghafla na kuishusha sukari zaidi. Baba mkwe akija hubeba pipi zake mfukoni. Amekubali ziachwe kwenye gari.

Siku ya 24

Dozi imeshushwa hadi uniti 4. Cha ajabu, jana na leo sukari iko 24, 23. Nilitaka kubishana. Daktari akasema ndivyo mwili unavyojitetea: sukari ikianguka hivyo, homoni za dharura huliamuru ini limwage akiba yote, na kwa siku mbili tatu utaona namba kubwa ambazo hazina maana. Atakayezitazama hizo peke yake ataongeza insulini, na mbwa ataanguka tena. Sipimi mpaka wiki ijayo. Natazama jagi.

Siku ya 36

Grafu ya pili, uniti 4: ya juu 13.7, ya chini 6.1. Maji lita 1.1. Uzito 19.2. Usiku analala mpaka asubuhi na sakafu ni kavu. Koni imetoka. Amerudi kumfukuza kuku wa jirani hadi kwenye uzio, kama zamani, na kama zamani hajui afanye nini akimfikia.

Chakula ni kilekile, kiasi kilekile, milo miwili iliyopishana saa kumi na mbili, chenye nyuzinyuzi nyingi ili sukari iingie taratibu. Hakuna la kusimulia hapo, na ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Siku ya 51

Kwa siku nne mambo yameharibika. Maji lita 2.3. Kipimo cha asubuhi 23.4. Amekojoa ndani. Nilishaamini kwamba ugonjwa umepanda, nikampigia daktari kumwambia napandisha hadi uniti 6 jioni hii. Hakukataa wala hakukubali. "Kabla hujaongeza, kaka, niletee chupa, bomba na lile daftari."

Daftari alilifungua kwenye safu ya Neema. Siku ya 44, lita 1.1. Ya 45, 1.0. Ya 46, 1.1. Ya 47, 1.6. Ya 48, 2.0. Akaweka kidole kwenye 47. "Siku hii mlibadilisha nini?" Nikasema hakuna. Chakula kilekile, saa zilezile, chupa ileile. Akachukua bomba nililomletea, akalishika kwenye mwanga. Kifuniko cha rangi ya machungwa.

Siku ya 47 ndipo nilipofungua boksi jipya. Mabomba mekundu hayakuwepo dukani, nikachukua yaliyokuwepo, yanafanana, yana uniti, nikaona uniti ni uniti. Kumbe yale ni ya insulini ya uniti 100 kwa mililita. Ukivuta insulini ya 40 mpaka mstari wa nne kwenye bomba la 100 unapata mililita 0.04, yaani uniti 1.6. Kwa siku nne Doa amekuwa akipata chini ya nusu ya dawa yake, na mimi nimekuwa nikiandika "4" kwa mwandiko mzuri kabisa.

Alinipigia hesabu ya nyuma yake pia, kwenye karatasi, ili isinitoke kichwani. Ningepandisha leo hadi 6 kwa bomba hili asingepona, kwa sababu 6 ya hapa ni 2.4. Ningepandisha tena, na tena, mpaka mstari wa kumi, ambao ndio 4 ya kweli, na ningeamini mbwa wangu anahitaji 10. Halafu siku mabomba mekundu yakirudi dukani ningevuta 10 ya kweli. Asali isingetosha.

Na anayekosea upande wa pili, insulini ya 100 kwenye bomba la 40, anampa mbwa mara mbili na nusu ya dozi kwa sindano moja.

Nilimwambia Neema kwamba safu yake ndiyo iliyofichua kosa la baba. Akauliza kama nitaiandika kwenye shajara. Nimeiandika.

Siku ya 55

Mabomba mekundu yamerudi, maji 1.2. Tumenunua maboksi matatu.

Wiki ya 13

Kipimo cha fruktosamini: ni protini za damu zilizoshikana na sukari, zinaonyesha wastani wa wiki mbili tatu zilizopita, hivyo hazidanganywi na asubuhi moja mbaya au safari ya gari. Majibu yapo kwenye eneo la udhibiti mzuri. Mkojo umeoteshwa tena, safi. Uzito 20.4, na kwa kuwa ameongezeka, dozi imepanda hadi uniti 5 baada ya grafu ya tatu. Matumaini kwamba kisukari kingeondoka baada ya kutoa kizazi tumeyafunga. Miezi miwili na zaidi imepita na bado anahitaji sindano.

Nimeulizwa na jamaa kama si mateso kumchoma mnyama mara mbili kwa siku. Sindano ni nyembamba sana. Siku hizi akisikia mlango wa friji anakuja mwenyewe na kugeuza ubavu, kwa sababu baada ya sindano anakunwa tumbo. Anayeteseka saa 1 asubuhi ya siku ya mapumziko ni mimi.

Mwezi wa 5

Macho. Jumamosi jioni nilimwona Neema amepiga magoti mbele yake na tochi ya simu. "Baba, jicho lake lina maziwa." La kulia, lile lisilo na baka, lina ukungu wa kijivu katikati. La kushoto limeanza pia.

Mtoto wa jicho. Daktari alitutajia siku ya kwanza na nikalisukuma nyuma ya kichwa, kwa sababu siku ile yalikuwepo mengine ya karibu zaidi. Lenzi ya jicho hupokea sukari kutoka kwenye majimaji yanayoizunguka. Sukari ikizidi hugeuzwa kuwa sorbitoli, sorbitoli haitoki, inavuta maji, lenzi inavimba na kupoteza ung'avu wake. Kwa mbwa wa kisukari wengi hutokea ndani ya mwaka wa kwanza au kidogo zaidi, hata wale wanaotunzwa vizuri. Niliuliza kama siku zile nne za bomba la machungwa zilichangia. Akasema siku nne si kitu mbele ya wiki nzima za mwanzo alizokaa na 25. Sikujua kama hilo ni faraja, maana wiki hizo pia zilikuwa zangu.

Lenzi inayovimba haraka huweza kuvuja na kuliunguza jicho kwa ndani, kwa hiyo ameanza matone ya kuzuia uvimbe. Matone yaliyochaguliwa hayana steroidi, kwani steroidi hupingana na insulini hata zikipitia jichoni. Upasuaji upo: lenzi hutolewa, ya bandia huwekwa. Kwanza sukari iwe imetulia, kisha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ipimwe kwa mwanga na umeme kuhakikisha inaona, la sivyo ni kufungua dirisha kwenye ukuta mtupu.

Mwezi wa 6

Haoni vizuri tena. Ndani ya nyumba huwezi kugundua. Tumekubaliana kutohamisha kiti chochote, na bakuli la maji limebaki pale lilipokuwa miaka minane. Nje anafuata sauti ya funguo zangu. Kuku wa jirani wamegundua mapema kuliko wageni wetu. Sasa wanapita katikati ya uwanja bila haraka.

Mwezi wa 7, leo

Uzito 21.3. Maji lita 1.2. Grafu ya wiki iliyopita: ya juu 13.1, ya chini 5.9. Hajashuka tena chini ya 4 tangu usiku ule wa asali. Retina zote mbili zimejibu vizuri kwenye kipimo, na daktari wa macho amekubali kumpasua, jicho la kulia kwanza au yote mawili kwa pamoja ikitegemea presha ya jicho siku hiyo. Imepangwa wiki mbili kutoka sasa. Kabla yake: grafu moja zaidi, mkojo kuoteshwa, meno kuangaliwa.

Neema amechora mstari mpya kwenye daftari, safu ya matone, mara nne kwa siku, na sahihi. Leo mchana hakuna sahihi. Naenda kumwamsha Doa.